Kitanda cha Tatu

Kila siku akitoka zamu, kabla hata ya kula, Hedwiga alisafisha raba zake. Alikaa kwenye kizingiti cha bweni la wauguzi, akaponda kipande cha chaki ndani ya kifuniko cha kopo, akatia maji kidogo, akapaka kwa kitambaa: kwanza ncha, kisha kisigino, mwisho pembeni, pale ambapo vumbi jekundu la Same huingia na kukataa kutoka. Hakuna aliyemwamuru. Ila hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya siku ambayo mikono yake ilifanya kazi bila kuogopa kukosea.

Alhamisi hiyo yunifomu ilikuwa imeshalowekwa kwenye beseni, na kiatu kimoja kilikuwa kinakauka juu ya jiwe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya kiatu cha pili aliposikia hodi.

"Nesi wetu! Kumbe ndipo unapokaa?"

Alikuwa Nakijwa, bintiye Bibi Lukia, yule mgonjwa wa kifua aliyeteremshwa kwa machela kutoka Chome siku tatu nyuma. Nakijwa alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuitia watu wa mlima wa pili. Kichwani alibeba kikapu cha ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea ndizi, na usikatae. Mama kaniambia, mpelekee yule binti anayejua lugha yetu." Akatua kikapu, akaanza kucheka peke yake. "Leo nusura nipige yowe wodini kwenu! Naingia, nakwenda moja kwa moja kule pembeni kwenye kitanda cha mama, nafunua shuka nimpe uji, uso si wa mama! Binti mgeni kabisa, ananikodolea macho. Nikajua basi, mama amekwenda, na kitanda wameshampa mwingine. Kumbe mwenyewe yuko mlangoni anapunga upepo, ananitazama ninavyohangaika, anacheka!"

Hedwiga hakucheka.

"Umemwacha bado yuko mlangoni?"

"Yuko pale, kitanda kile cha mlangoni. Hatoki ng'o. Anasema kule pembeni bati linamkaanga."

"Na ule ubao wa karatasi, mama, ule unaotundikwa miguuni pa kitanda. Uliona wameuhamisha?"

"Ubao?" Nakijwa alimtazama kama anayetazama mtu aliyepigwa na jua. "Mwanangu, mimi nilikuwa namtazama mama yangu. Mbao nilizitazamia nini?"

Kiatu kilimtoka Hedwiga mkononi, kikaangukia kwenye kifuniko cha kopo, chaki yote ikamwagika mchangani.

Mambo yalikuwa hivi. Hospitali ya Kimbweru ilikuwa na wodi moja ya wanawake, vitanda kumi na viwili, na kila kitanda kilikuwa na kibati cha namba. Kila kitu kilikwenda kwa namba. Mganga aliandika dawa kwa namba, daftari la sindano lilijazwa kwa namba, na ripoti ya kukabidhiana zamu ilisomwa kwa namba. Utaratibu huo uliachwa na masista wa zamani, na tangu Uhuru hakuna aliyeona sababu ya kuugusa. Bibi Lukia alikuwa kitanda cha tisa, pembeni, chini ya bati lililopigwa na jua la mchana. Kitanda cha tatu, mlangoni, alilala Mwanamkasi, binti wa Pangani, mke wa mkata katani. Mwiba wa mkonge ulikuwa umemchoma muundi, ukatunga usaha. Mwanamkasi alikuwa wa kuchomwa penisilini kila baada ya saa sita, na sindano yake ya mchana ilikuwa saa kumi.

Asubuhi hiyo Bibi Lukia alikuwa amemshika Hedwiga kiwiko na kumwambia kwa Kipare, kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya aibu, kwamba kuna sindano ilitaka kumuua. Zamani hizo, kwenye zahanati ya misheni. Kabla hajashuka kitandani koo lilifunga, uso ukavimba hadi macho yakapotea, na wanawake wa kijiji wakaanza kumlilia. Kadi ya siku ile aliihifadhi miaka yote ndani ya Biblia. Hedwiga aliisoma, akaikimbiza kwa Mganga Aminieli, na mganga akachukua kalamu nyekundu akaandika kwenye karatasi za kitanda cha tisa: asipewe penisilini kabisa. Kisha akampa vidonge vya namna nyingine.

"Nimeshasema, Bibi," Hedwiga alirudi kumwambia. "Ile mbaya hutapewa."

"Umesema wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi sina wasiwasi tena," alisema yule mzee, na kwa mara ya kwanza tangu ateremshwe akanyoosha miguu yake yote kitandani. "Wakija sasa, nachomwa tu. Nitajua ni ile nzuri."

Maneno hayo wakati ule yalimfurahisha Hedwiga. Sasa, akiwa amesimama mbele ya bweni na mkono mweupe kwa chaki, yalimrudia moja moja.

Maana saa saba mchana, joto lilipozidi, Mwanamkasi alimwona mzee wa milimani akijipepea kwa pindo la khanga, jasho likimtiririka shingoni. Binti aliyelelewa vizuri angefanya nini? Angeendelea kulala penye upepo huku mtu wa umri wa bibi yake anakaangika? "Bibi, njoo ulale kwangu," alisema. "Mimi joto la katani nimeshalizoea." Hakumwomba mtu ruhusa, kwani nani huomba ruhusa ya kumheshimu mzee? Kila mmoja akachukua shuka lake na kikombe chake. Mbao za karatasi zilibaki zimetundikwa pale pale.

Hedwiga aliwaona wakimalizia kuhama. Mikono yake miwili ilikuwa imebeba beseni la nguo za damu. Alijiambia, nikirudi nitazihamisha zile karatasi. Lakini akaitwa kusaidia mjamzito aliyeletwa juu ya baiskeli, na alipopata nafasi ya kuinua kichwa, ilikuwa saa nane, wakati wa ripoti.

Ripoti ilisomwa ndani ya ofisi ndogo ya Mama Ernesta, mkuu wa wodi. Wauguzi walisimama kwa kufuata ukubwa: wa zamani mbele, wapya ukutani, mikono nyuma. Aliyesoma alikuwa mkubwa wa zamu peke yake, na siku hiyo alikuwa Dada Yudith. Wadogo hawakusema. Si kwamba palikuwa na sheria iliyoandikwa. Ni kwamba hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Nje, dereva Omari alikuwa anapiga honi ya lori, maana Alhamisi nusu ya waliotoka zamu walipelekwa Bendera kulima shamba la mahindi la hospitali, na mkuu wa hospitali alikuwa ameapa kwamba mwaka huu Kimbweru haitakuwa ya mwisho wilayani kwa kujitegemea.

"Kitanda cha kwanza, homa imeshuka," Yudith alisoma kwa haraka. "Cha pili, anasubiri damu ipimwe. Cha tatu, kidonda, penisilini saa kumi."

"Mama," alisema Hedwiga.

Mama Ernesta hakuinua macho kutoka kwenye daftari. Alikuwa amerudi asubuhi ile tu kutoka semina ya wiki nzima Moshi, na uchovu ulikuwa bado umemkaa usoni. "Ukiulizwa utasema."

Honi. Kitanda cha nne, cha tano, cha sita. Walipofika cha tisa Hedwiga alijaribu tena, "Mama, samahani," na Yudith akageuka akamtazama kwa macho makali ya mtu ambaye jembe lake limeshapakiwa kwenye lori. Kitanda cha kumi. Cha kumi na mbili. Daftari likafungwa. Hakuulizwa.

Alitoka pamoja na wengine. Alijiambia atamnong'oneza Jenoveva, muuguzi wa zamu ya mchana, lakini Jenoveva alikuwa amebaki ndani akielekezwa wodi, maana ndiyo kwanza anahamishwa kutoka wodi ya watoto. Alijiambia Jenoveva ataona mwenyewe. Alijiambia wagonjwa watakuwa wamesharudi kwenye vitanda vyao. Alijiambia mengi njiani, na alipofika bweni alikuwa amejiridhisha kiasi cha kuweza kuponda chaki.

"Mama, saa ngapi sasa?" alimwuliza Nakijwa.

"Mimi nina saa? Ila tulifukuzwa na mlinzi saa tisa na nusu, nikapita sokoni mara moja..."

Hedwiga hakungoja mwisho wa sentensi. Alikaza khanga kifuani, akakimbia, miguu mitupu.

Kutoka bweni hadi hospitali kulikuwa na korongo la kuvuka, kavu wakati huo, lenye mawe ya kuchoma nyayo. Aliteremka kwa kuserereka. Upande wa pili, njia nzima ikiwa tupu, alikuwa anapanda mzee mmoja na punda wake wa maji, na Hedwiga, aliyekuwa hajawahi kumpita mzee bila salamu tangu ajue kusema, alimpita akipaza sauti, "Shikamoo, babu!" bila kungoja marahaba. Alisikia nyuma yake, "Watoto wa siku hizi!" na hata katika hofu ile akaona haya.

Pale getini alikuwa Melkizedeki, mlinzi, ameketi chini ya kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Chuma hicho ndicho kilikuwa kengele ya hospitali. Melkizedeki alikigonga kila saa, na wodi zote zilifanya kazi kwa mlio wake: chakula, wageni, sindano.

"Saa za kuona wagonjwa zimekwisha," alisema.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi. Hedwiga."

"Marahaba. Hedwiga ninayemjua mimi huvaa nyeupe."

"Nguo nimeloweka. Mzee, tafadhali, kuna sindano itakosewa wodini."

"Ikikosewa wataniita mimi?" Alimkagua kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. "Mama Ernesta mwenyewe kaniambia, muuguzi asiye na yunifomu ni mgeni. Miaka kumi na mitano nalinda hapa, sijawahi kupitisha nesi mwenye khanga. Nenda ukavae."

Siku nyingine yoyote Hedwiga angerudi. Angesema asante, mzee, angevuka korongo, angevaa yunifomu mbichi ikidondosha maji. Hata sasa miguu yake ilianza kugeuka yenyewe, kwa mazoea. Melkizedeki akatazama saa yake ya mkononi, akainuka kwa kujikongoja, akashika nyundo.

"Mzee, usigonge!"

"Nisigonge? Saa kumi imefika, nisigonge? Unataka nifukuzwe kazi?"

Alimpa mgongo, akainua nyundo, na chuma kikalia. Moja. Hedwiga aliinama, akapita chini ya mti wa geti, akakimbia.

Mbili. Alipita jikoni. Tatu, nne, mtu alimwita kwa jina kutoka dirisha la maabara, hakujibu. Tano. Alijua vizuri sana, kuliko alivyotaka kujua, kinachofanyika wodini wakati ule: trei limeshafunikwa kwa kitambaa, sindano zimeshachemshwa, dawa imeshavutwa, kinachongojwa ni mlio tu. Sita. Saba. Jenoveva angeanzia mlangoni, kama kila mtu anavyoanzia mlangoni. Nane. Ngazi tatu za saruji. Tisa.

Kengele ilipolia ya kumi alikuwa ndani.

Pazia la kitanda cha tatu lilikuwa limevutwa nusu. Bibi Lukia alikuwa amegeukia ukutani, ametulia, nguo imeshafunuliwa pajani, na pale mahali pa kuchomwa pamba ilikuwa imeshapita, ngozi inang'aa. Jenoveva alishika bomba la sindano juu kama alivyofundishwa, akitoa hewa. Tone moja lilitoka nchani.

Hedwiga alinyoosha mkono, ule wenye chaki, akauweka juu ya paja la yule mzee, akalifunika.

"We! Nimeshasafisha hapo!" Jenoveva alishtuka.

"Siye," alisema Hedwiga. "Siye huyu."

"Hedwiga!" Mama Ernesta alikuwa amesimama kutoka mezani kwake. "Khanga wodini! Miguu mitupu! Umerukwa na akili?"

Bibi Lukia aligeuza kichwa, akamwona, akatabasamu. "Ni yule binti yangu," alimwambia Jenoveva kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Choma tu, mama. Yeye amesema."

Hedwiga hakuondoa mkono. Alikuwa anahema kiasi cha kushindwa kuunga maneno, na alichoweza kusema kilitoka vipande vipande: huyu ni wa kitanda cha tisa, walibadilishana kwa ajili ya joto, kalamu nyekundu, Mganga Aminieli. Mama Ernesta alikuja akasimama miguuni pa kitanda. Alisoma karatasi zilizotundikwa pale.

"Bibi," alisema, "jina lako nani?"

"Lukia, wa Chome."

Karatasi zilisema Mwanamkasi. Mama Ernesta alitembea urefu wote wa wodi hadi pembeni, wagonjwa wote wakimfuata kwa macho, akasoma karatasi za kitanda cha tisa, na akakaa pale muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma maneno matatu ya wino mwekundu. Aliporudi alimnyang'anya Jenoveva bomba la sindano, akaliweka juu ya trei mwenyewe. Liligonga ukingo mara mbili kabla halijatulia.

Baadaye, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, alimwuliza, "Ulijua tangu saa ngapi?"

"Saa saba, Mama."

"Na ripoti ilikuwa saa nane. Mbona hukusema?"

Hedwiga alitazama mikono ya Mama Ernesta juu ya daftari. Ilikuwa mikono ya mtu mzima, yenye makovu ya kuungua na dawa za zamani. Watu walisimulia kwamba miaka ya njaa mikono hiyo ilibeba sanduku la chanjo kwa miguu hadi Chome na kurudi, na kwamba wakati wodi ilipokuwa na vitanda sita tu, Mama Ernesta aliwajua wagonjwa wote kwa majina, na majina ya watoto wao. Sasa ilikuwa imeishika kalamu yote miwili. Hakukumbuka. Kweli hakukumbuka kwamba kuna mtu aliita "Mama" mara mbili.

"Nilisahau," alisema Hedwiga.

Ndivyo ilivyoandikwa. Aliisoma juu chini, kwa mwandiko mzuri wa mlazo: muuguzi wa zamu ya asubuhi alisahau kutoa taarifa. Akapewa onyo. Akasema asante, Mama. Alipokuwa anatoka alisikia nyuma yake Mwanamkasi akikaripiwa mbele ya wodi nzima, kwamba hapa si kwake katani, watu hawalali ovyo, angeua mtu, na yule binti anajibu kwa kilio, "Mimi nilimwona mzee anaungua na joto, basi." Usiku huo Hedwiga hakugusa zile ndizi. Kila alipofumba macho aliliona lile tone kwenye ncha ya sindano.

Kesho yake, Ijumaa, saa nane mchana, walisimama tena ofisini: Yudith mbele, Jenoveva na wenzake wa zamu ya mchana upande wa dirisha, Hedwiga ukutani. Mganga Aminieli naye alikuja, akaegemea kabati la dawa, kwa kuwa habari ya jana ilikuwa imeshamfikia. Honi hakuna. Joto lilikuwa lile lile.

"Kabla ya ripoti," alisema Mama Ernesta, "jana kidogo tupoteze mtu, kwa sababu ya wagonjwa kuhamahama na muuguzi mmoja kusahau. Muuguzi ameonywa. Wagonjwa nimewaambia, kuanzia leo hakuna kuondoka kitandani kwako. Kila mtu na namba yake. Yudith, soma."

"Kitanda cha kwanza, ameruhusiwa, anasubiri ndugu. Cha pili, damu imeonyesha malaria."

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Kutoka ukutani Hedwiga aliona kipande cha wodi: ukingo wa kitanda cha tatu, pazia, mwanga wa mlangoni. Na pale mwangani alimwona Mwanamkasi. Alikuwa anaruka kwa mguu mmoja, polepole, asisikike, mto wake kwapani. Alikuwa anatazama huku na huku kama mwizi. Mbele yake, kutoka pembeni, Bibi Lukia alikuwa anakuja akishika vyuma vya vitanda kimoja kimoja, jasho limemlowesha gauni mgongoni. Walipokutana katikati, yule binti alipiga goti kidogo, hivyo hivyo na mguu wake mbovu, akampisha mzee.

"Cha tatu," alisoma Yudith, "kidonda kinaendelea vizuri, penisilini saa kumi."

Maneno yale yale. Hata pumzi Yudith alivuta mahali pale pale.

"Mama," alisema Hedwiga.

"Ukiulizwa utasema."

Mtu alicheka kidogo upande wa dirisha. "Cha nne," aliendelea Yudith.

Hedwiga aliangalia raba zake. Alikuwa amezipaka upya asubuhi, na zilikuwa nyeupe kabisa, hazina hata doa. Mle ndani ya zile raba vidole vyake vilijikunja, vikijishika sakafuni. Aliwaza kwamba Mama Ernesta ataumia mbele ya mganga. Aliwaza kwamba yeye ana miezi minane tu tangu atoke chuo, na watu hawa wana miaka. Kisha aliwaza kuhusu yule mzee kule nje, anayenyoosha miguu yake yote kitandani kwa sababu binti mmoja amemhakikishia kwamba amesema.

Alitoka ukutani. Hatua ilikuwa moja tu, lakini ofisi ilikuwa ndogo, na hatua hiyo ilimweka mbele ya Yudith.

"Hee," Yudith alisema, "leo Ndugu Hedwiga anataka kutuhutubia?"

"Mama Ernesta," alisema Hedwiga. Sauti ilitoka nyembamba, akaimeza, akaianza upya. "Jana sikusahau."

Kalamu ya Mama Ernesta ilisimama.

"Nilikudanganya, Mama, kwa sababu nilikuonea huruma. Sikusahau. Nilisimama pale ukutani nikaita 'Mama' mara mbili, ukaniambia nikiulizwa nitasema, na sikuulizwa, nikaenda zangu kupaka viatu chaki nikijua. Nilijua, Mama. Na Mwanamkasi hana kosa. Ameshampisha tena, sasa hivi, nimemwona kwa macho yangu, na atampisha kesho, na sisi sote hapa tungempisha." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta, maana mikono yake kwa mazoea ilikuwa bado nyuma. "Walio kule nje si namba. Ninachotaka kusema, nilichotaka kusema tangu jana, ni kwamba ripoti tusiisomee humu ndani. Twende tukaisomee vitandani, wote, anayetoka na anayeingia. Tumwulize kila mgonjwa jina lake. Na aliyemhudumia ndiye aseme, hata akiwa mdogo kuliko wote, bila kungoja kuulizwa. Naomba tuanzie kitanda cha tatu, Mama. Tuanze sasa, Mzee Melkizedeki hajagonga saa kumi."